Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini atatoka na rangi gani?

Jam ilikuwa imetushika Jogoo Road, matatu haisongi mbele wala nyuma, jamaa yangu aliponisukumia simu yake. "Cheki hii kitu," akasema.

Kwenye video, mwanamume mmoja wa Marekani anavuta droo ya plastiki. Ndani amelala boa mnene kama mkono wa bondia, na kando yake kuna watoto ishirini na kitu, wamejikunjakunja, bado wana unyevu wa kuzaliwa. Wengi ni wa rangi ya udongo kama mama yao. Mwanamume anawapangua mmoja mmoja, kimya kabisa. Halafu anamwinua mmoja mweupe mwenye madoa ya waridi na kupiga kelele kama shabiki wa Gor aliyeona bao la dakika ya tisini.

Mama aliyeketi nyuma yetu alichungulia, akasema "Ashindwe!" na kuhamia kiti cha mbele karibu na dereva.

Jamaa yangu hakujali. Alimaliza kidato cha nne akiwa na alama nzuri ya Biolojia, na tangu hapo amekuwa akitafuta kazi isiyopatikana. "Huyo mweupe peke yake ni zaidi ya laki," aliniambia. "Sisi hatuwezi kufanya hii biashara hapa?"

Swali lake lilinikaa kichwani hata tuliposhuka. Nimelifuatilia, na jibu lina mambo mengi kuliko pesa: lina hesabu, lina sheria, na lina nyoka mmoja wa kwetu ambaye wengi hatumjui.

BOA NI NANI?

Tukianza mwanzo kabisa, boa si chatu. Chatu tunaye hapa Kenya, yule anayemeza mbuzi na kuingia kwenye habari za jioni. Boa constrictor ni mwenyeji wa Amerika ya Kati na Kusini. Kwa macho wanafanana: wote ni wanene, hawana sumu, na huua kwa kujiviringisha. Zamani tuliambiwa kwamba boa humnyima windo pumzi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo cha Dickinson, Marekani, walipima na kuonyesha kwamba anachozuia kwanza ni damu: moyo wa panya hushindwa kuisukuma, na ndani ya sekunde chache mambo yamekwisha.

Tofauti kubwa iko kwenye uzazi. Chatu hutaga mayai na kuyazungushia mwili. Boa hubeba watoto tumboni kwa takriban miezi minne na kuzaa nyoka wazima, wenye urefu wa karibu nusu mita, ambao siku hiyo hiyo wanajitegemea. Uzazi mmoja unaweza kuleta watoto kumi, ishirini, hata zaidi ya arobaini.

Ndiyo sababu wafugaji wa Marekani na Ulaya wanampenda. Kwao kila uzazi ni kama bahati nasibu. Kuna maonyesho makubwa ya kuuza wanyama hawa, kwa mfano yale ya Hamm nchini Ujerumani, ambapo watu hupiga foleni kununua nyoka jinsi sisi tunavyopiga foleni Gikomba ikifunguliwa bale mpya.

MOFU, LAKINI SI ZA SARUFI

Nyoka wenye rangi au michoro isiyo ya kawaida wafugaji huwaita mofu. Usikumbuke darasa la Kiswahili na zile mofimu zilizotutesa. Hapa mofu ni sura mpya inayotokana na jeni iliyobadilika.

Ngozi ya boa wa kawaida ina tabaka za rangi. Kuna nyeusi na hudhurungi, zinazotokana na melanini. Kuna njano. Kuna nyekundu, ile inayoonekana vizuri mkiani. Ukiondoa rangi moja, zilizobaki zinajitokeza.

Boa albino hana melanini, kwa hivyo anabaki na njano, chungwa na nyekundu, na macho mekundu. Kuna mwingine anayeitwa aneri, ambaye amekosa nyekundu. Huyo huwa kijivu na mweusi kama picha za zamani za studio. Ukiunganisha hali hizo mbili katika nyoka mmoja, unapata mweupe anayeitwa Snow, yaani theluji. Huyo ndiye aliyemfanya yule jamaa wa video apige kelele.

Sasa toa kalamu. Jeni huja mbilimbili, moja ya baba na moja ya mama. Jeni ya albino ni jeni fiche: haionekani mpaka nyoka awe nazo mbili. Akiwa nayo moja tu, anaonekana wa kawaida kabisa, lakini ni mbebaji. Ukipandisha wabebaji wawili, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa albino, wawili watakuwa wabebaji, na mmoja hatakuwa na kitu. Ni ule mraba wa Punnett wa kidato cha nne, wala hakuna uchawi.

Hapo ndipo ujanja wa soko unapoanzia. Ndugu za yule albino, wale wanaoonekana wa kawaida, ni watatu kwa wastani. Wawili kati yao ni wabebaji, mmoja si mbebaji, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana utaona tangazo limeandikwa "mbebaji, asilimia 66". Maana yake ni theluthi mbili. Unanunua uwezekano, na uhakika utaupata baada ya miaka, nyoka huyo atakapozaa au kukataa kuzaa ulichotarajia.

Si jeni zote zinazojificha. Kuna ile inayopunguza weusi, iitwayo haipo, ambayo nakala moja inatosha kuonekana. Boa wa haipo huwa na rangi ya waridi na machungwa. Changanya haipo na albino, unapata Sunglow. Changanya haipo na aneri, unapata Ghost. Wafugaji wanacheza na jeni jinsi DJ anavyochanganya nyimbo, tofauti ni kwamba DJ hangoji miaka minne wimbo ukomae.

ALBINO WAWILI, WATOTO WA KAWAIDA

Kuna kisa kinachofundisha kuliko kitabu. Katika boa kuna aina mbili maarufu za ualbino, moja ikiitwa Kahl na nyingine Sharp, kwa majina ya wafugaji walioziendeleza. Zote mbili ni fiche, na nyoka wake wanafanana. Ungedhani ukimpandisha albino wa Kahl na albino wa Sharp, watoto wote watakuwa albino.

Wanazaliwa wote wa kawaida, bila albino hata mmoja.

Sababu ni kwamba kutengeneza melanini ni kazi ya hatua kadhaa, kama mstari wa watu wanaopitishiana ndoo za maji kuzima moto. Katika Kahl ndoo inaangukia kwa mtu mmoja, katika Sharp inaangukia kwa mtu mwingine. Mtoto wao anapata kutoka kwa kila mzazi ile hatua nzima ambayo mwenzake hana. Maji yanafika, na rangi inarudi.

Sayansi hii inatuhusu sisi pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eastern Michigan waliwaomba wenye chatu wadogo wa Afrika Magharibi wawatumie magamba yaliyoambuliwa. Wakishirikiana na wanafunzi wao, walitoa DNA humo na kutafuta jeni zilizobadilika. Katika chatu albino walikuta hitilafu kwenye jeni ya kimeng'enya kiitwacho tairosinasi. Katika albino wa aina nyingine, mwenye mabaka ya zambarau, walikuta jeni iitwayo OCA2. Jeni hizo hizo zinapobadilika kwa binadamu huleta ualbino, na OCA2 ndiyo chanzo cha kawaida zaidi kusini mwa Sahara. Kwa hivyo siku utakapomsikia mtu akisema mtu mwenye ualbino ni laana au ni mali, mwambie ni hatua moja tu ya kutengeneza rangi iliyoruka. Ni biolojia, imekwisha.

MAMA BILA BABA

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walitoa habari iliyowashangaza hata wazoefu. Boa jike mmoja mwenye rangi ya karameli, ambayo ni ya jeni fiche, alikuwa amezaa mara mbili. Watoto walikuwa 22. Wote majike. Wote karameli.

Kumbuka ile hesabu. Ili mtoto awe karameli, lazima baba naye awe na jeni hiyo. Madume waliokaa na huyo mama hawakuwa nayo. DNA ilipopimwa, haikupatikana sehemu yoyote iliyotoka kwa baba. Mama alikuwa amezaa peke yake, na ni rangi ya watoto ndiyo iliyotoa siri.

Wakati huo wengi waliamini kwamba nyoka wote huamua jinsia kama kuku, ambapo jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. Kwa mpango huo, mabinti wa mama huyo wangekuwa na mpangilio uliodhaniwa hauwezi kuishi. Kitendawili kiliteguliwa mwaka 2017, watafiti walipogundua kwamba boa wana mfumo wa X na Y kama binadamu. Mama ni XX. Akizaa peke yake, Y ataitoa wapi? Lazima wote wawe mabinti.

HESABU YA JAMAA YANGU

Turudi kwenye laki moja ya kwenye matatu. Nilimwita jamaa yangu tukaketi kibandani kwa chai na mandazi, tukapiga hesabu nyuma ya risiti.

Unanunua albino mchanga na aneri mchanga. Unawalisha panya miaka mitatu hadi minne mpaka jike akomae. Anazaa. Watoto wote ni wa kawaida kwa sura, kila mmoja akibeba jeni mbili fiche. Hakuna mweupe hata mmoja. Unachagua baadhi yao na kuwalea tena miaka mitatu au minne. Unawapandisha. Hapo sasa, kwa wastani, mtoto mmoja kati ya 16 atakuwa Snow.

Tuseme wamezaliwa 25. Unatarajia mmoja au wawili. Lakini nafasi ya kukosa kabisa ni karibu asilimia 20. Yaani kati ya watu watano watakaongoja miaka hiyo saba au minane, mmoja ataivuta droo akute rangi ya udongo kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na jike akizaa leo, mwaka ujao anazaa tena?" jamaa yangu akauliza.

Mara nyingi hapana. Mzigo wa mimba humkondesha, na wafugaji waangalifu humpumzisha mwaka mzima au zaidi.

Halafu kuna soko lenyewe. Mofu ikiwa mpya, mmoja huuzwa kwa maelfu ya dola. Wanunuzi nao wanapandisha, watoto wanaongezeka, na bei inaporomoka. Albino wa Kahl aliyekuwa ndoto ya matajiri leo ni nyoka wa mwanafunzi. Aliyeingia mwisho ndiye hubaki na droo zilizojaa na bili ya stima. Tumeshaona mchezo huu na sungura, na kware wa mwaka 2014 bado tunawakumbuka. Mayai yao yaliuzwa kama dhahabu, na miezi michache baadaye hakuna aliyeyataka.

Lakini kware utamkaanga. Boa utamfanyia nini? Akitunzwa vizuri anaishi miaka 20 hadi 30. Mmoja aliyeitwa Popeye, katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, aliishi miaka 40 na ushei hadi mwaka 1977. Ukimnunua ukiwa na miaka 22, huenda ukamwachia mwanao.

UREMBO UNAOUMIZA

Kuna upande ambao video hazionyeshi. Katika wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi kuna mofu iitwayo Spider, yenye michoro mizuri kama utando wa buibui. Jeni inayoleta michoro hiyo huvuruga pia usawa wa mwili. Nyoka hutikisa kichwa, hujipinda shingo, mwingine hukosea windo akiwa mbele yake. Huwezi kupata michoro bila tatizo, maana vyote vinatoka mlango mmoja. Chama kimoja kikubwa cha wafugaji nchini Uingereza kilipiga marufuku kuuzwa kwa Spider kwenye maonyesho yake.

Kwa boa kuna mofu ya Motli. Nakala moja ya jeni huleta mchoro wa mviringo mgongoni, na nyoka yuko fiti. Nakala mbili huleta nyoka mweusi wa kupendeza, ila wengi wao hudhoofika na kufa mapema. Mfugaji mwenye utu hapandishi Motli kwa Motli. Asiye na utu hupandisha, hupiga picha, na huuza haraka.

Ongeza ugonjwa wa virusi unaowasumbua boa wa kufugwa duniani kote. Nyoka hutazama juu kama anayehesabu nyota, hushindwa kujigeuza akilala chali, na hatimaye hufa. Virusi vinavyohusishwa na ugonjwa huo vilitambuliwa California mwaka 2012. Tiba haipo, na boa anaweza kuvibeba muda mrefu akionekana mzima. Mnunuzi wa mitandaoni atajuaje?

Na wanaochoka na nyoka wao hufanya nini? Wengine huwaachilia. Kisiwa cha Aruba kina boa wasio wa kwao tangu mwaka 1999, na Cozumel, Mexico, waliachwa mwaka 1971. Ndege na wanyama wadogo wa visiwa hivyo hawakuwahi kumjua mwindaji wa aina hiyo, na hadi leo boa hajaondoka.

SHERIA HAICHEKI

Boa na chatu wote wako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini. Kusafirisha mmoja kuvuka mpaka bila vibali ni kosa.

Mwaka 2006 huko Brazil alipatikana boa mweupe pepe mwenye macho meusi, mofu ambayo ulimwengu wa wafugaji ulikuwa ukiiota. Alipelekwa bustani ya wanyama ya Niterói, karibu na Rio de Janeiro. Baadaye akatoweka. Wapelelezi walifuata nyayo hadi kwa mfugaji mmoja wa jimbo la Utah, Marekani, ambaye alikiri kosa mahakamani. Baadhi ya watoto wa nyoka huyo walirudishwa Brazil. Nyoka mmoja, nchi mbili, kesi ya miaka.

Hapa kwetu, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali cha KWS kabla ya kufuga mnyamapori, na kumtoa nje au kumwingiza nchini kuna vibali vyake. Usifikiri eti nyoka ni mdogo hivyo hawatajali. Mnamo Mei 2025, vijana wawili wa Ubelgiji wenye miaka 19 walitozwa faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na sisimizi. Naam, wadudu, karibu 5,000, waliowekwa ndani ya vijibomba. Ikiwa sisimizi wana kesi, nyoka je?

BOA WETU WA MCHANGANI

Nilidhani jamaa yangu angekata tamaa hapo. Nikamwonyesha picha moja ya mwisho kwenye simu: nyoka mfupi, mnene, mwenye mabaka ya machungwa na kahawia, macho yamekaa juu ya kichwa, mkia butu kama kidole.

"Huyu namjua," akasema. "Ako kwetu Isiolo. Guka humkata na panga kila akimwona."

Huyo ni boa wa mchangani. Ndiyo, tuna boa wetu. Anaishi maeneo makavu kuanzia Misri na Sudan hadi Ethiopia, Somalia, kaskazini mwa Kenya na Tanzania. Hujifukia mchangani na kuacha macho nje, akingoja panya. Hana sumu, huzaa watoto wazima kama binamu zake wa Amerika, na jike humzidi dume kwa ukubwa. Wafugaji wa ng'ambo wanampenda sana. Wamemzalisha albino, aneri na Snow, na mofu moja wameipa jina Dodoma, la mji wa Tanzania. Kwenye matangazo yao jina la Kenya limo ndani ya jina la nyoka. Jina liko Ohio na Berlin, naye mwenyewe kwao anakatwa na panga.

Jamaa yangu alinyamaza kidogo. Akaitazama ile risiti, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akapiga simu Isiolo. Nilimsikia akimweleza babu yake kwa sauti ya juu, maana mtandao wa huko ni wa kubahatisha, kwamba yule nyoka mfupi wa mchangani hana sumu na ndiye anayemalizia panya ghalani. Akamwambia asimshike kwa mkono, kwa sababu kule kuna vipiribao na moma ambao wana sumu, na usiku ni rahisi kuchanganya. Amwache tu, ajiendee.

Babu alicheka mpaka nikamsikia. "Shule imekufanya wakili wa nyoka," akasema.

Hakuahidi lolote. Lakini wiki iliyofuata jamaa yangu alipata ujumbe kwenye WhatsApp kutoka kwa binamu yake. Ilikuwa picha yenye ukungu, imepigwa kwa mbali: mchanga, kuni, na mkia butu ukiingia chini ya jiwe. Chini yake binamu alikuwa ameandika: "Guka anauliza, huyu ni rangi gani?"